Pipa la Fundi Bomba na Chambo Hai

Asubuhi nyumbani kwetu ilianza kwa ndoo. Ukitoka chumbani, ndoo. Ukienda bafuni, ndoo nyingine, na wavu umetundikwa mlangoni unadondosha maji. Ukitaka kuchemsha chai, sufuria kubwa ina samaki wadogo wameelea, matumbo juu.

Mimi ni fundi cherehani. Wateja wangu hupita ukumbini kuja kwenye chumba cha kushonea, kile chenye dirisha la barabarani. Walikuwa wanaruka ndoo kama watoto wanaocheza. Mama mmoja alileta kitambaa cha gauni la harusi ya mwanawe. Akanusa hewa, akakirudisha kitambaa mkobani, akasema atapita siku nyingine. Mpaka leo hajapita.

Nilimwambia mume wangu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Mume wangu ni msikivu sana, sitamsingizia. Anasikiliza neno kwa neno, anaitikia kwa kichwa, halafu anarudi kufanya kile kile alichokuwa akifanya.

Hakuwa mvuvi. Ni fundi bomba, na mtaa mzima unamwita Fundi. Nusu ya mabomba ya mji huu ameyafunga yeye. Kisha goti lake likagoma. Fundi bomba asiyeweza kupiga magoti chini ya sinki hana kazi. Daktari alimwambia asimame na atembee kadiri awezavyo, ila asipige magoti. Yeye akaenda kukaa kwenye kiti cha sebuleni. Alikaa miezi, akisikiliza bomba la jirani likivuja, roho ikimuuma.

Binti yetu mkubwa ni muuguzi. Anaishi mji wa mbali, usio na bahari. Alipokuja kutusalimia na kumkuta baba yake kwenye kile kiti, akakata shauri papo hapo. Tufunge nyumba, tuhamie kwake. Chumba kipo. Mwisho wa mwezi angekuja na lori kutuchukua. Nilimuuliza cherehani yangu itakaa wapi. Akanijibu kwamba nimeshona vya kutosha, sasa nipumzike.

Nipumzike. Nani alimwambia nimechoka? Chumba changu cha kushonea ndicho heshima yangu. Humo najua nani anaoa, nani amenenepa, nani amegombana na nani. Kwake ningekuwa bibi wa kwenye kochi, naulizwa kila saa kama nimekunywa dawa.

Mume wangu naye hakutaka kuhama. Akamwambia binti kwenye simu kwamba ana kazi, anavua samaki. Binti akamuuliza amevua nini. Wakabishana, wakapatana hivi: siku lori litakapokuja, likimkuta baba ana kazi ya kweli, litarudi tupu. Lisipomkuta nayo, tunapanda.

Kwa hiyo chumba changu kilikuwa kinaning'inia kwenye ndoano ya mume wangu. Na kwenye ndoano ile hapakuwa na kitu.

Sasa nieleze habari ya samaki wenyewe. Ufukweni kwetu, pale mawimbi yanapovunjika, samaki wakubwa huja kuwinda. Anayetafutwa na wengi ni kolekole, samaki mwenye nguvu na nyama nzuri. Kolekole hufuata samaki wadogo, hasa mkizi. Samaki aliyekufa hamshughulishi sana. Anamtaka anayeogelea na kukimbia. Ndiyo maana wavuvi wengi wa kolekole hutumia chambo hai. Mume wangu alikuwa amelisikia hilo mahali, na alisikia sawasawa. Taabu ilikuwa kwenye lile neno "hai".

Kuwakamata mkizi aliweza. Alirusha kimia, ule wavu wa duara wa kutupa kwa mkono, akawapata wengi. Kisha akawatia kwenye pipa lake. Ah, lile pipa. Lilikuwa pipa la plastiki la buluu. Alilifungia kifuniko chenye mpira pande zote, akalizungushia tepu, akalitilia koki mbili. Kwa sababu ya goti, alililaza kwenye toroli ili alisukume mpaka ufukweni. Siku alipolimaliza aliniita jikoni, akalipindua chini juu mbele yangu. Halikudondosha hata tone. Alitabasamu kama siku ya harusi yetu.

Maji ya bahari hakuyataka. Alisema yana mchanga, yataziba koki. Alilijaza pipa maji safi ya bombani, akachota chumvi jikoni kwangu, akamimina.

"Baba, hiyo ni chumvi ya kupikia," nikamwambia.

"Kwani bahari ni nini? Ni maji na chumvi."

Samaki walikufa kabla toroli halijafika ufukweni. Alitunga maiti kwenye ndoano, akarusha mbali kwa nguvu zake zote, akasimama. Jioni akarudi na kaa mmoja, au hana hata kaa. Sababu hazikumwisha. Mara upepo, mara mwezi, mara ndoano bandia, mara vijana wanapiga kelele. Kesho yake pipa lile lile, maji yale yale, na chumvi yangu inapungua.

Nilimsihi amuulize mtu anayejua. Akanijibu kwamba maisha yake yote yamepita kwenye maji, nani atamfundisha maji. Sikio la kufa halisikii dawa. Mwezi ulikuwa unakwisha, na kila siku nilikitazama chumba changu kama mtu anayeaga.

Nyuma ya nyumba yetu anakaa mama mmoja anayeendesha basi la shule. Sisi tunamwita Dereva. Akishawafikisha watoto asubuhi, huenda ufukweni na fimbo yake ya kuvulia mpaka saa ya kuwarudisha. Mara nyingi nilimwona akipita dirishani kwangu na kolekole mrefu kama mkono. Ni mwanamke ambaye miaka yote anawaambia watoto wakae chini na hawakai. Uvumilivu wake umekwisha zamani, kama wangu. Siku moja nilimwita kupitia dirishani bila kumwambia mume wangu.

Aliingia na funguo za basi shingoni. Akalizunguka pipa. Mume wangu akaanza kumweleza habari ya kifuniko, mpira na tepu, naye akamwacha aeleze mpaka amalize. Kisha akakifungua kifuniko. Harufu iliyotoka hapo sitaielezea.

"Shemeji, umefunga vizuri sana," akasema. "Sasa hao wanapumua nini?"

"Samaki anapumua maji."

"Samaki anapumua hewa iliyomo ndani ya maji. Ikiisha, imeisha. Inabidi nyingine iingie, na wewe umefunga mlango. Umewajaza kama watoto wa basi langu, tena umepandisha vioo."

Mume wangu akasema maji yake ni safi kuliko ya bahari.

"Ni safi kwako wewe," Dereva akamjibu. "Maji ya bomba hutiwa dawa ya kuua vijidudu. Sisi tunayanywa, hatudhuriki. Samaki yanamuunguza mashavu anayopumulia. Wewe dawa hiyo unaijua kuliko mimi, ndiyo maana nashangaa."

Alikuwa anaijua kweli. Alifanya kazi na harufu yake maisha yake yote. Lakini unadhani alikubali? Alisema hayo ni maneno tu. Pipa haliwezi kuwa na kosa, maana halivuji.

Hapo mimi nikachoka. Nikamuuliza: akimaliza kufunga bomba la mtu, humwambia mwenye nyumba kwa mdomo kwamba halivuji? Akasema hapana, hulifungulia maji likajaribiwa. Nikamwambia basi na hili tulijaribu, na atakayeshindwa afunge mdomo wake kama alivyofunga pipa.

Kesho yake asubuhi mume wangu alikamata mkizi kwa kimia, akawagawa. Wengi wakaingia kwenye pipa lake kama kawaida. Wachache Dereva aliwaweka kwenye ndoo yake pana, yenye maji ya bahari, akaiacha wazi. Akaiweka kivulini karibu na mlango wa nyuma, maana maji yakipata joto hewa hutoka na samaki huchoka. Akatumbukiza mrija wa pampu ndogo ya betri, kama zile za matangi ya samaki wa mapambo, ikaanza kutoa mapovu. Akasema asiye na pampu anaweza kuchota maji kwa kikombe na kuyamimina tena kutoka juu, na kubadilisha nusu ya maji mara kwa mara. Kisha akaenda zake.

Mume wangu aliweka kigoda katikati ya pipa na ndoo, akakaa kama hakimu. Mimi nilikuwa napiga pindo la sketi. Kabla sijalimaliza nikamsikia anaguna. Dereva alipokuja kuchungulia, mkizi wa pipani wote walikuwa wamekufa. Wale wa kwenye ndoo walikuwa wanazunguka, wote wameelekea upande mmoja, wazima kabisa.

Mume wangu aling'oa ule mpira wa kifuniko. Akabandua tepu. Akalisimamisha pipa wima kwenye toroli, kisha akaleta mashine yake ya kutobolea, akaanza kukitoboa kifuniko matundu. Mtu aliyeziba matundu maisha yake yote sasa anatoboa, tena kitu alichokipenda. Nilimwonea huruma, nikampelekea chai.

Nilidhani tumemaliza. Kumbe ndiyo kwanza tulikuwa tunaanza.

Siku ya kwenda ufukweni na chambo hai nilifuatana nao, maana ndoo ilihitaji mtu wa kuibadilishia maji, na mtu mwenyewe ni mimi. Mume wangu alimshika mkizi kwa kitambaa kikavu, akambana kama anafungua nati. Dereva akamzuia. Alimwambia alowanishe mikono kwanza. Samaki ana ute juu ya ngozi, nao ndio unaomkinga. Ukiufuta, hadumu. Kisha akamwonyesha namna ya kumtunga. Ndoano ipite kwenye mdomo wa juu, karibu na pua. Au ipite mgongoni, mbele kidogo ya pezi, chini ya ngozi tu. Isiguse uti wa mgongo.

"Ukimtoboa uti, umetundika maiti," akasema. "Na maiti umeshavulia mwezi mzima."

Haya, mkizi akatungwa vizuri. Mume wangu akarudi nyuma, akavuta pumzi, akarusha kwa nguvu zake zote. Ndoano ilikwenda upande mmoja, mkizi akaenda upande mwingine, ndege akamdaka hewani. Wa pili hivyo hivyo. Dereva akakaa mchangani, akashika kichwa.

"Shemeji, huko mbali unamrushia nani?"

"Samaki wakubwa wako mbali."

"Samaki wakubwa wako chakula kilipo. Njoo uone."

Alimwonyesha bahari kwa kidole, taratibu, kama anayemwonyesha mtoto kituo chake. Kule mbali mawimbi yalivunjika meupe, kwa sababu chini yake pana tuta la mchanga. Karibu nasi yalivunjika tena. Katikati palikuwa na ukanda wa maji yenye rangi ya giza. Alisema hapo ni mfereji, ndiyo maana panaonekana peusi. Samaki wadogo hujificha humo, na kolekole huja humo humo kuwatafuta, wakati mwingine karibu sana na miguu ya mtu. Chambo hai hakihitaji kurushwa mbali. Kinabembezwa taratibu kutoka ubavuni, kinatua kwenye mfereji. Chubwi, yaani ile risasi ya kuzamishia mshipi, iwe ndogo ya kutosha mkizi aweze kuogelea. Tena akamkanya asiipe bahari mgongo wakati wowote, maana wimbi halipigi hodi.

Mume wangu alirusha kwa upole. Mkizi akatua mzima, mshipi ukawa unatetemeka. Mara ukakimbia. Samaki alikuwa ameshika. Mume wangu akavuta kwa ghafla, kwa mikono miwili, kama anang'oa bomba lililoganda. Mshipi ukarudi na kichwa cha mkizi peke yake.

Akafanya hivyo tena. Na tena. Mara tatu kolekole walikuja, na mara tatu mume wangu aliwanyang'anya chakula kinywani. Kesho yake lori lilikuwa linakuja. Nilikuwa nimesimama na sketi imelowa mpaka kiunoni, ndoo mkononi, nikakiona chumba changu kinakwenda. Nikasema. Nilisema yote niliyoyabana mwezi mzima, mbele ya watu, pamoja na habari ya chumvi. Mume wangu akaitupa fimbo mchangani, akaondoka akichechemea.

Wahenga walisema hasira za mkizi, furaha ya mvuvi. Sasa mvuvi mwenyewe akikasirika, furaha ni ya nani? Ya kolekole.

Dereva aliniketisha, akanieleza mimi, maana mwenyewe ameondoka. Kolekole akimkamata mkizi hammezi hapo hapo. Anambana kwanza, anamgeuza, kisha anammeza akianzia kichwani. Ukivuta wakati anambana, unamtoa mdomoni. Kwa hiyo ukihisi ameshika, uache mshipi ukimbie, ukiugusa kwa kidole tu. Uvute pumzi, uitoe, uvute tena. Kisha ukaze polepole bila kushtua. Alinipa na ndoano yake yenye ncha iliyopinda kuelekea ndani. Hiyo ukiikaza taratibu, hujinasa yenyewe kwenye pembe ya mdomo wa samaki.

Nilimpelekea mume wangu maneno hayo nyumbani. Nilimkuta amekaa kwenye kile kiti cha sebuleni. Sikupenda kumwona pale. Nikamwambia kila kitu, nikamwekea ndoano mezani. Alisikiliza mpaka mwisho. Na ninyi mnajua anavyosikiliza.

Asubuhi niliamka nikakuta toroli halipo. Nikachukua ndoo nikamfuata. Mkizi wake walikuwa hai pipani, wachache, kwenye maji ya bahari, kifuniko kimejaa matundu. Alilowanisha mikono, akatunga, akabembeza, mkizi akatua kwenye mfereji. Tukangoja. Mshipi ukaanza kukimbia.

Niliuona mkono wake ukinyanyuka. Nilitaka kupiga kelele, lakini kwa mwezi mzima nilikuwa nimesema na haikusaidia. Nikauma mdomo. Mkono ukasimama. Akavuta pumzi, akaitoa, akavuta tena. Halafu akakaza polepole. Fimbo ikapinda.

Wakati huo huo nikamsikia binti yetu nyuma yangu, anakuja mbio mchangani na viatu vya safari, anamwita baba yake atoke majini aangalie goti. Nikampa ndoo aishike. Baba yake alikuwa anatembea pembeni mwa maji, huku na huku, akimfuata samaki. Samaki alipovuta, alimwachia. Alipochoka, alizungusha mshipi. Wimbi liliporudi baharini hakushindana nalo. Alingoja wimbi linalokuja, likambeba kolekole likamlaza mchangani. Alikuwa mkubwa. Mume wangu alimtazama, akatutazama sisi, akaenda kutunga mkizi mwingine.

Alipata wa pili. Wa tatu alikuwa mtoto, akamrudisha majini ili akue. Mpishi wa hoteli ya stendi, ambaye Dereva alikuwa amemdokeza, akawachukua wote wawili, akasema alete kila anachopata.

Nyumbani lori lilikuwa limeegeshwa mlangoni. Binti yangu alikuja chumbani kwangu, akakaa kwenye kigoda cha wateja.

"Mama, samaki wawili si kazi."

"Si kazi," nikamwambia. "Lakini mwangalie."

Akachungulia dirishani. Baba yake alikuwa amesimama barabarani na mwenye lori, anamweleza habari ya hewa na matundu, mikono inaruka juu. Alikuwa hajakaa chini tangu alfajiri. Binti alimtazama kwa muda mrefu.

"Mimi sikuogopa mtakosa chakula," akasema. "Chakula ningetuma. Niliogopa kile kiti. Kazini nawaona, mama. Wanakaa, wanakaa, halafu siku moja tunawafunika shuka."

Moyo uliniuma, maana mwezi mzima nilimnunia nikidhani anataka kuninyang'anya chumba.

"Baba yako hatakufa kwa kukaa," nikamwambia. "Na mimi sitakufa kwa uzee. Nitakufa kwa kumweleza jambo moja mara mia."

Alicheka. Kicheko kikageuka kilio, akaniegemea begani kama alipokuwa mdogo, nikamwacha alie mpaka aridhike. Kisha nikamtuma aende akamwokoe mwenye lori. Akaenda, akamwambia hakuna mzigo. Lori likageuza, likaondoka tupu, na baba yake akalifuata kidogo barabarani, kwa miguu yake, akimalizia maelezo.